Mwanamke Aliyekutwa na Mionzi ya Serikali

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Haina jina, haina jirani, na wakubwa wake hawafanani na mkubwa yeyote mnayemfahamu. Kama katikati ya habari hii utajikuta unasema, "Ala, huyu si fulani?", funga macho kidogo, kunywa maji, kisha uendelee kusoma. Mimi ndivyo nilivyofundishwa, na imenisaidia sana maishani.

Naitwa Tausi. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali ya wilaya. Mtu akianguka na pikipiki, akikohoa mwezi mzima, akimeza kitufe cha shati, alikuwa wangu. "Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike. Haya, pumua." Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko jina la mume wangu. Na naipenda serikali yangu. Nalisema hilo mapema ili tusije tukaelewana vibaya.

Siku moja serikali yetu iligundua kwamba ina idara mbili na jengo moja. Idara ya kwanza ilisimamia oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa na mafundi magari, ili ikusanywe, isafishwe, itumike tena. Idara ya pili ilisimamia usalama wa mionzi hospitalini. Nchi nyingine ingejenga jengo la pili. Sisi tuna akili. Tuliunganisha idara, ikazaliwa Mamlaka ya Taifa ya Oili Chakavu na Mionzi ya Tiba, chini ya Kamishna Mkuu, Mheshimiwa Profesa Injinia Bulaya Ngwandu, aliyekuwa amefanya vizuri mno kwenye wadhifa wake wa kabla ya hapo, wa kusimamia vikundi vya ngoma uwanja wa ndege.

"Ndugu wananchi," alisema Kamishna siku ya uzinduzi, "oili chakavu inaonekana mno. Mionzi haionekani kabisa. Wataalamu wetu wamevijumlisha vyote viwili, wakagawa kwa mbili, na leo hii natamka kwa fahari kwamba tunalo tatizo linaloonekana kiasi!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto.

*

Mume wangu Chande ni fundi magari, kwa hiyo nyumba yetu ilibahatika kusimamiwa pande zote mbili. Mamlaka ilianza na yeye. Kanuni ilisema kila gereji irudishe oili chafu lita kwa lita, sawasawa na oili mpya iliyoinunua. Chande akaenda ofisini kueleza, kwa adabu, kwamba injini huunguza oili kidogo, na nyingine hudondoka njiani.

Ofisa alimsikiliza kwa makini, kalamu mkononi. "Kwa hiyo unakiri kuna oili ya taifa inayopotelea barabarani, na wewe unajua?"

Chande alirudi nyumbani kwa mguu wa haraka. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi alifungua makopo ya oili mpya kabisa, akatia masizi ya sufuria zangu, akakoroga kwa mti, akapeleka kituoni. Mafundi wote wa mji walifanya hivyohivyo. Alikuwepo mmoja huko nyuma ya soko, oili yake ilisifiwa hadi makao makuu kwa weusi wake. Mamlaka ikatangaza kwamba makusanyo yamepanda kuliko wakati wowote katika historia ya taifa.

"Yaani naamka asubuhi naichafua oili nzima ya Mungu ili wao wakaisafishe," Chande aliniambia, mikono myeusi hadi viwiko. "Tausi, hebu niambie, mimi ni fundi au ni mwendawazimu?"

"Wewe ni mdau," nikamjibu, maana ndivyo walivyomwandika kwenye barua.

Tulicheka siku ile. Tulikuwa bado tunacheka.

*

Ikaja Wiki ya Kurudisha Oili. Wilaya yetu ilikuwa nyuma ya lengo, na vijiji vilikwisha kukamuliwa mpaka cherehani, ndipo maofisa wa Mamlaka wakaingia hospitalini. Wakanyonya oili ya jenereta. Wakanyonya ya gari la wagonjwa. Halafu mmoja wao, kijana msomi mwenye miwani, akaufungua mwongozo wa mashine yangu ya eksirei na kugundua kwamba kichwa cha mashine kina oili ndani.

"Imo humo tangu lini?"

"Tangu mashine inunuliwe. Mwaka wa kumi na nne huu."

"Basi hiyo ni chakavu."

Nilimwomba. Nilimweleza kwamba oili ile haifanani na ya gari, kazi yake ni kupoza bomba linalotoa mionzi, hakuna anayeigusa isipokuwa fundi wa mashine zenyewe. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano.

"Mama, kanuni inasema oili iliyokaa kazini zaidi ya mwaka mmoja ni chakavu. Haikusema imekaa ndani ya nini."

Wakaifyonza kwa mpira, haikufika hata nusu ndoo. Ili wasiniache mikono mitupu, wakajaza oili yao iliyosafishwa, ile iliyotoka kwenye masizi ya sufuria zangu. Wakanipa na cheti cha shukrani.

Siku ya tisa, nikiwa napiga picha ya goti la mzee mmoja, mashine ilitoa mlio, ikanuka, ikasema paa! Kichwa kikapasuka. Ufa ulikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, na ulikuwa upande uleule ninaposimama mimi. Pale palipokuwa pakidondoka oili, mionzi nayo ilikuwa ikipita. Na mashine, kwa bahati mbaya, haikufa. Ingekufa ningeshukuru. Iliendelea kutoa picha, tena nzuri tu.

Niliandika barua Mamlaka. Jibu lilikuja upesi ajabu: je, oili inayodondoka inakingwa? Nikatafuta kopo, nikaliweka chini ya ufa.

*

Sasa niwaeleze habari ya beji, maana ndiyo iliyoniponza.

Kila mtu anayefanya kazi na eksirei hupewa beji ndogo ya kuvaa kifuani. Inakunywa mionzi kimyakimya. Kila miezi mitatu inapelekwa makao makuu, inasomwa, mnajua fulani amepigwa na mionzi kiasi gani. Ni kitu cha busara, kilivumbuliwa na watu wenye busara, nao wanakivaa.

Kwetu ulitolewa Waraka namba saba. Waraka ulisema kwamba beji ni mali ya serikali, zimeagizwa kutoka mbali, na imebainika kwamba baadhi ya watumishi wanaziacha ziharibiwe na mionzi. Kwa hiyo, ili kuzilinda, beji zote zifungiwe ndani ya kabati lenye kuta za madini ya risasi saa zote za kazi. Zivaliwe siku za sherehe, na wakati wa kupokea wageni.

Niliusoma waraka ule mara tatu. Nikadhani labda mimi ndiye nisiyejua kusoma.

Kabati lililetwa, lakini kuta zake zilikuwa za bati tupu, risasi ilikuwa haijafika. Fundi wa Mamlaka hakubabaika. Alizichukua aproni zetu mbili za risasi, zile za kujikinga wakati wa kupiga picha, akazichana kwa kisu, akaziwamba ndani ya kabati vizuri kabisa. Beji zikapata usalama. Mimi nikabaki na koti langu jeupe la pamba.

Miaka tisa ikapita hivyo. Nchi nzima, wafanyakazi elfu moja na mia mbili, beji zote zikisomwa zinatoa sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Kamishna alibandika zile sifuri ukutani ofisini kwake, kwenye fremu. Na habari zikafika ng'ambo, wageni wakasema hawajaona nchi yenye mionzi mitulivu kama hii, wakaamua kutuletea nishani ya dhahabu.

Katika miaka hiyo tisa nilishika mimba mara mbili, na mara mbili ikatoka. Ya kwanza ilikuwa na wiki kumi. Ya pili nilikuwa nimekwisha kuanza kushona vinguo. Sheria inacho kifungu kwamba mjamzito wa eksirei ahamishiwe chumba kingine endapo beji yake itaonyesha mionzi. Nilikwenda kuomba, mara zote mbili. Karani akafungua daftari.

"Mama Tausi, wewe ni sifuri. Tukuhamishie wapi palipo salama kuliko sifuri? Huko nje kuna jua."

*

Hamduni alikuwa mkaguzi wa Mamlaka katika kanda yetu. Niseme ukweli wote: alikuwa ndugu yangu, si wa tumbo moja, lakini wa sahani moja. Tulisoma darasa moja chuoni. Mwaka aliofiwa na baba yake alikuja likizo kwetu, hakuondoka mpaka tunamaliza chuo. Mama yangu alimfulia, akamkatia nyama kubwa kuliko yangu. Tulikuwa rika moja lakini aliniita dada, na siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyenishika mkono kunitoa ndani. Chande alimwita shemeji, na akija gereji gari lake lilishughulikiwa kwanza.

Mimba ya tatu ilipoingia, nilimwita. Alikuja na kipimo chake, kile chenye mshale. Nikawasha mashine. Mshale ukaruka ukagonga mwisho, ukang'ang'ania hukohuko. Nilimwona Hamduni akitokwa jasho la pua.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "mashine hii inaua."

"Basi andika."

Alitoa fomu. Fomu ya ukaguzi ya Mamlaka ina viboksi viwili tu: kimoja kimeandikwa "Salama", kingine "Salama Sana". Akakaa nayo mapajani muda mrefu, kisha akatia alama.

"Nimeandika Salama tu," alininong'oneza. "Sikuandika Salama Sana. Wakubwa wataelewa."

Nikamwambia kila kitu, yale ambayo hata mama yangu sikumwambia: vile vinguo nilivyoshona nikavichoma jikoni, na jinsi nilivyokuwa naogopa kwenda chooni asubuhi, naogopa kuona damu. Nililia. Naye alilia. Machozi yake niliyaona mwenyewe, kwa hiyo msiniambie mtu huyo hakuwa na moyo. Moyo alikuwa nao.

"Sikiliza," alisema. "Achana na kabati. Vaa beji yako kifuani kila siku, miezi mitatu. Ikijaa nipe mimi mkononi, nitaipeleka maabara mwenyewe. Ikisoma mionzi, hakuna wa kubisha: kifungu kipo, watakuhamisha, na mashine watafunga. Sawa dada? Niamini."

Nikamwamini. Nikaivaa beji ile kama wengine wanavyovaa hirizi. Katika nchi nzima, watu elfu moja na mia mbili, beji iliyokuwa kazini ilikuwa moja. Miezi mitatu ilipotimia, nikampa Hamduni mkononi.

*

Walikuja na magari matatu na utepe wa njano. Watu wanne wenye glavu walinizunguka nikiwa namsaidia mgonjwa kushuka kitandani, mmoja akanisomea karatasi.

"Wewe ndiye Tausi? Beji yako imesoma mara thelathini ya kiwango kinachoruhusiwa."

Jamani, nilifurahi! Nilimkumbatia yule bwana mwenye glavu. Nilimwambia asante, Mungu akuweke, nilijua tu serikali yangu haitanitupa.

Akajitoa mikononi mwangu, akaendelea kusoma. "Kwa hiyo unashtakiwa kwa kukutwa na mionzi ya serikali mwilini bila kibali."

Nilidhani mzaha. Wallahi nilicheka. Lakini hesabu yao, ukiifuata polepole, ilikuwa imenyooka. Nchi nzima haina mionzi, ushahidi upo, umetundikwa ukutani kwenye fremu. Hospitali zote sifuri, vyumba vyote sifuri. Inaonekana mionzi yote iliyokuwa inakosekana imekutwa kwa mtu mmoja. Sasa kama si mwizi, ni nani? Na wageni wa nishani walikuwa wanatua baada ya siku kumi na mbili.

Wakanifungia utepe wa njano kiunoni, wakanichukua. Mgonjwa wangu akabaki kitandani ameshikilia pumzi, maana nilikuwa sijamwambia apumue.

*

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi wa Mamlaka, ambao unanuka oili kwa sababu mapipa ya maonyesho huhifadhiwa humo. Kamishna mwenyewe alikaa kitini. Kwa kuwa Mamlaka ni moja, sheria nayo ni moja, na iliandikwa kwa ajili ya oili, wakabadilisha neno moja tu. Kwa hiyo niliulizwa kama nilikusanya mionzi hiyo kwa madhumuni ya kuisafisha na kuiuza tena. Nikasema hapana. Nikaulizwa kama ninayo mingine nyumbani.

"Waheshimiwa!" Kamishna alisimama, tumbo likatangulia. "Miaka tisa tumeijenga sifuri yetu. Tumeilea. Mataifa makubwa yenye mitambo mikubwa hayana sifuri kama yetu! Leo anatokea mwanamke mmoja, kwa beji moja, anataka kututoa kwenye sifuri kutupeleka kusikojulikana. Tukimwachia huyu, kesho mwingine ataibuka na moja, keshokutwa mbili, nchi itaishia wapi?"

Ukumbi ukaguna kwa uchungu wa taifa.

Sikujali. Kila walichouliza niliwajibu jambo moja: nilivaa kwa maelekezo ya mkaguzi wenu, Bwana Hamduni, aliyeipima mashine kwa mkono wake. Muiteni. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilimwona amekaa safu ya pili, amevaa suti mpya, nikamtabasamia kumpa moyo.

Akaitwa.

"Shahidi, unamfahamu mshtakiwa?"

"Kikazi tu, Mheshimiwa."

Nilitazama nyuma nikidhani ameingia mshtakiwa mwingine.

"Ulimwagiza avae beji?"

"Hapana. Nilimwagiza aifungie kabatini kwa mujibu wa Waraka namba saba."

"Na mashine uliikagua?"

"Niliikagua. Fomu ipo. Nimeandika Salama." Akakohoa kidogo. Halafu, na hili hakuna aliyemuuliza, hili alilitoa mwenyewe, akaongeza: "Mheshimiwa, naomba shauri liangalie pia hali ya mshtakiwa. Mimba mbili zimemharibikia. Alinieleza alivyochoma nguo za mtoto jikoni. Mwanamke akifika hapo hutafuta kitu cha kulaumu."

Mashtaka yao, utepe wao, mionzi yao, vyote ningevimeza. Lakini vile vinguo! Nilimpa yeye peke yake, chumbani mle, na machozi juu. Akavileta ukumbini akavitandaza mbele ya watu mia mbili wanaotafuna karanga.

"Shemeji!" Chande alipiga kelele kutoka mlangoni. "Shemeji, wewe!" Hakusema zaidi ya hapo, askari walikuwa wamekwisha kumtoa.

Hamduni hakugeuka. Alikuwa anakunja karatasi zake kwa utaratibu, moja moja, kama tulivyofundishwa chuoni.

*

Hukumu ilisomwa baada ya chai. Kwa vile mionzi ni mali ya umma, mshtakiwa atairudisha pale alipoitoa. Yaani nirudi chumba kilekile, mashine ileile, nisimame palepale nilipokuwa nasimama, zamu mbili kwa siku, mpaka mionzi niliyochukua itakapokwisha kurudi kwenye mashine. Wataalamu walikadiria mwaka na nusu. Tumbo langu lilikuwa la mwezi wa tano, na siku hiyohiyo, nikiwa nimesimama pale, mtoto alicheza kwa mara ya kwanza.

Nikaomba kukaa. Wakanipeleka chumba cha pembeni, na aliyeingia na kikombe cha chai alikuwa Hamduni.

"Usinitazame hivyo, dada."

"Nani dada yako?"

"Nina watoto watatu. Walinipa karatasi niikariri. Ningekataa, tungekuwa wawili kizimbani, ingekusaidia nini?" Aliweka chai mezani, akaisogeza karibu yangu, nilipoisukuma akaisogeza tena. "Nimekuombea kwa Kamishna. Nimempigia magoti. Hukumu inaweza kufutwa leo hii."

Alitoa karatasi. Ilikuwa imepigwa chapa tayari, na jina langu chini. Ilisema kwamba mimi, Tausi, nikiwa na akili timamu, nathibitisha mashine ya eksirei ya hospitali ya wilaya ni nzima na salama. Kwamba beji yangu niliianika juani pamoja na nguo nikaisahau. Na kwamba mionzi iliyokutwa nayo ni ya jua, ambalo haliko chini ya Mamlaka. Nikitia saini nahamishiwa kesho asubuhi kwenye bohari ya oili, kuhesabu mapipa. Hakuna mashine. Hakuna mionzi.

"Na nani ataingia chumbani?" nilimuuliza.

"Wataleta mtu."

"Nani?"

"Dada, hilo halikuhusu. Wewe fikiria mtoto."

Nilifikiria mtoto. Nilimfikiria mpaka nikasahau kwamba kuna watu wengine duniani. Alicheza tena, upande wa kushoto. Nikachukua kalamu ya Hamduni, nikatia saini, na ile saini, ajabu, ilitoka nzuri kuliko ninazotia siku zote. Chai sikuinywa. Angalau hilo.

Nishani ililetwa, ikapokelewa kwa ngoma. Kamishna alilia hadharani. Hamduni alipandishwa akawa Naibu Kamishna, akanitumia ujumbe wa simu: Mungu akujaalie ujifungue salama dada yangu. Chande alitaka kuitupa simu kisimani. Nikamwambia aiache. Nikamwambia pia kwamba nimehamishwa kwa huruma tu ya wakubwa. Ile karatasi sikumwonyesha, na hadi leo hajui.

Mwanangu alizaliwa mzima, wa kike, mwenye sauti ya mnada.

*

Limebaki jambo moja, na nimelizunguka toka nianze kusema.

Utaratibu wa Mamlaka unataka mtumishi anayeondoka amkabidhi chumba anayeingia, ana kwa ana, kisha watie saini wote wawili. Kwa hiyo kesho yake ya hukumu, kabla ya kwenda kuhesabu mapipa, nilipitia hospitalini. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la wagonjwa, mkoba mapajani, ananisubiri. Anaitwa Kidawa. Ametoka chuoni mwaka huohuo. Mikono yake ilikuwa na hina ya harusi, bado nyekundu mpaka kwenye kucha.

Alisimama akanishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo dada Tausi. Nimefurahi kukukuta. Chuoni walimu bado wanakutaja."

Nikamwonyesha swichi. Nikamwonyesha filamu zinakokaa, na kiti ambacho mguu mmoja haushiki. Alikuwa anaandika kila ninachosema kwenye kidaftari. Tukafika kwenye mashine. Akaliona kopo, akainama kulitazama, akatazama juu penye ufa, kisha akanitazama mimi, tumboni kwanza halafu usoni.

"Dada," alisema taratibu, "samahani nikikuuliza. Wewe ni mkubwa wangu, na najua huwezi kunificha. Mume wangu anataka tupate mtoto mwaka huu. Huko nje wanasema maneno mengi. Hii mashine ina neno?"

Mlangoni alikuwa amesimama yule bwana wa glavu, ameshika fomu ya makabidhiano, anatusikiliza. Ningeweza kumkonyeza. Ningeweza kumfinya mkono, tungeelewana, sisi wanawake tunaelewana kwa kidogo kuliko hicho. Mikono yangu yote miwili niliiweka kwenye tumbo langu.

"Haina neno, mdogo wangu," nikamwambia. "Ni nzima."

Uso ukamfunguka. Akanikumbatia, akasema, "Ahsante dada, umenitoa wasiwasi," akatia saini, akavaa koti lake jeupe la pamba, akamwita mgonjwa wa kwanza.